Kula-Kulala

Mahout, Februari. Chumvi imekauka kama ukoko wa sufuria.
Musallam anazima gari, ananionyesha kwa kidevu:
lile pale, la manjano, limesimama peke yake
kama abiria aliyeshushwa kituo sicho.
Dhanuni. Halina jani wala doa la kijani,
yaani nyumba nzima, na jiko hamna.

"Kula-kulala," nasema. Musallam hakijui Kiswahili.
Namfasiria. "Ah," anasema, "shemeji yangu."

Tunachimba hadi kiwiko, halafu hadi bega.
Kule chini ameung'ata mzizi wa kichaka jirani,
na sioni mdomo unaishia wapi, titi linaanzia wapi.
Nakata vipande urefu wa kucha.
Kwenye kichupa naandika tarehe, mahali,
jina la mwenye nyumba, jina la mgeni.
Mstari wa mwisho nauacha wazi:
yumo mwingine humo ndani, mwembamba kuliko unywele.

Nizwa, maabara. Naosha mizizi kwa spiriti, kwa jiki,
kwa maji mara tatu, kama maiti.
Navilaza vipande juu ya agari, nafunika.
Siku ya nne, ukungu mweupe.
Siku ya saba, wa kijivu, wenye pindo.

Mama anapiga simu. "Umempata?"
"Nimempata. Sijamjua."
"Si umuulize kwao wapi!"
Anacheka, kisha hacheki.
Yeye aliulizwa hivyo uwanjani Seeb, mwaka wa sabini na tano,
mimi tumboni, yeye na Kiarabu chake cha kuungaunga:
ukoo gani, wilaya gani, nani anakufahamu.
Karani aliandika, akafuta, akaandika.

Tumezisoma herufi zake, mia sita na kumi.
Tisini na moja kwa mia anafanana
na kuvu mwingine asiye na jina.

Halafu nikaitazama ile sahani ya pembeni,
niliyoidondoshea maji ya mwisho ya kuoshea,
isiyotakiwa kuota kitu.
Imeota. Kijivu. Pindo lile lile.

Basi huenda hakuwa ndani. Huenda alishika ngozi tu,
mpita njia wa mchangani.
Huenda ni wangu, nimemleta kwa pumzi.

Nampigia Musallam. Mvua imeshuka, anasema,
njia haipitiki, njoo wiki ijayo, na buti.
Nanunua jiki, chupa mbili.