Kabari za Mwaloni

Baba yangu Baldomero hakupasua jiwe kwa nguvu.
Alilitoboa vitundu kwa mstari mmoja,
akashindilia kabari za mwaloni mkavu,
akamwagia maji, akaenda kunywa supu yake ya kabichi.
Usiku mti ulikunywa nao. Ukavimba.
Alfajiri tukasikia: ta!
Mlio mmoja tu, kama kifundo cha kidole.
Graniti imekuwa mbili.

"Nimefunzwa na barafu," alisema,
akinionyesha, huko juu milimani Ancares,
ufa ambamo maji ya Novemba huingia kimyakimya kama mdeni.
Usiku huganda, hutanuka, husukuma kwa mabega.
Mchana hulegea.
Usiku husukuma tena.
Hata mche wa mwaloni, wenye mzizi
ungaliopita tundu la sindano, huja kusaidia.
Kisha mwaka mmoja, bila sababu mpya,
bamba zima la mwamba limelala bondeni,
upande wake wa ndani mweupe,
jeraha lisilojua bado kutoa damu.

Lakini kuna kuvunjika kusiko na mlio.
Huko baba hakukupenda.

Mvua ya Galisia haina haraka.
Hushuka siku ishirini mfululizo, nyembamba,
imebeba pumzi ya anga na uchachu wa majani yaliyooza,
uchachu mdogo, limau lingeucheka.
Hubisha hodi kwenye jiwe. Ndani mna wapangaji watatu.
Felspa, mwenye mashavu ya waridi, hubembelezeka upesi:
hutoa chumvi zake moja moja,
hulainika, huwa udongo mweupe.
Ulanga hufifia, chuma chake huota kutu,
na kutu hulipaka jabali rangi ya chai.
Kwatzi peke yake hukataa.
Hukataa, hukataa, na nyumba imekwisha bomoka,
mkaidi anajikuta mchanga mtoni.

Bandu bandu huisha gogo.
Jiwe hata hiyo bandu halioni.

Kaka yangu Xenxo aliajiriwa machimbo ya kaolini.
Jioni alirudi mweupe hadi kope.
Baba hakumpa mkono.
"Unafukua maiti," alimwambia. "Maiti ya jiwe."
Xenxo akaweka mezani kikombe cha kauri,
chembamba hata mwanga wa dirisha ulipenya.
"Graniti yako hii, baba. Kunywa."
Miaka sita kikombe kilikaa kabatini, mdomo chini.

Kaburi lake alijichongea mwenyewe,
herufi zenye kina cha ukucha,
akaacha nafasi ya mwaka.
Aliyeijaza ni Xenxo, kwa tindo ya kuazima.
Tarakimu ya mwisho imeinama.

Leo ni sikukuu ya Watakatifu Wote.
Majirani wanasugua mawe yao kwa brashi za waya,
krisanthemu zimejaa ndoo.
Juu ya herufi B limekaa koga la rangi ya chungwa,
nusu kuvu, nusu mwani,
linalilamba jiwe kwa asidi yake
kama mtoto anavyolamba gundi ya bahasha.
"Lisugue," Bi Hermitas ananiamuru, "utaaibisha marehemu."
Nasugua. Chini yake, tumbo la B limekwisha liwa.
Kidoleni nimebaki na chembe:
kwatzi nne, ulanga mmoja unaometa.
Chembe ambazo tindo ya baba haikuzigusa.
Nazitia mfukoni, sijui kwa nini.

Jumatatu nafua nguo.
Ndani ya mashine kitu kinakwaruza, kra, kra,
na Xenxo anapaza sauti kutoka jikoni,
kikombe kile mkononi, kahawa ikifuka:
"Nini hicho?"

"Baba," namjibu.
"Bado yuko kazini."