Hesabu za Nyumba ya Mabela

Machi imeingia. Asubuhi bado unaweza kukaa nje
na kahawa yako, jasho halijakupitia shingoni.
Ndizo wiki zangu hizi, kabla jua halijakasirika,
kabla fundi wa viyoyozi hajapandisha bei pamoja nalo.

Nashusha mkebe wa halua juu ya kabati.
Halua yake ililiwa zamani, harusi ya Rayya;
sasa umebeba bahasha nne, wino wa buluu:
Viyoyozi. Tangi. Sakafu ya juu. Usiguse.

Ya nne nimeshaigusa mara mbili.
Ya kwanza betri ya gari. Ya pili sisemi.

Biju kafungua kiyoyozi cha chumba cha marehemu mama.
Hakuna anayelala humo, lakini kisafishwe.
Vumbi likashuka pande kwa pande, la kijivu, zito.
"Gesi imekwisha," anasema kwa Kiarabu chake cha Kerala.
Kila mwaka gesi imekwisha.
"Mwaka jana si uliijaza wewe?"
Tunacheka wote wawili, halafu nalipa:
riali kumi na nane, na baisa mia tano za sambusa.

Sakafu ya juu haina mzaha.
Mvua ya Februari ilinyesha siku mbili tu,
wadi ikafunga barabara,
na doa likatokea juu ya kabati la sahani:
kwanza sarafu, kisha sinia,
leo ni ramani ya nchi nisiyoijua.
Rafiqul kaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza
kama mtu anayechagua tikiti.
"Mia tatu na arubaini, mama. Lami nzuri."

Tuliambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hakuna aliyetwambia ufa nao una bei.

Nikampigia Nassor, Dubai. Mwezi mgumu, kasema.
Nikampigia Hilali, Unguja. Simu ikalia mpaka ikachoka.
Siku ya mirathi wote walikuwepo, kanzu zimepigwa pasi;
ikasomwa: mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja.
Nikaitikia. Sheria ni sheria.
Nyumba ikaandikwa majina matatu.
Doa halikuandikwa.

Basi nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya Biju:
mia tatu na arubaini, mafungu matano.
Langu sitini na nane.
Lao mia na thelathini na sita, kila mmoja.
Nimewatumia picha ya doa na hizo tarakimu,
bila salamu, bila dua ya mwisho.

Alama mbili za buluu. Wamesoma.

Jioni nikamwambia Rafiqul aanze na fungu langu tu,
hapo juu ya sahani, mengine yangoje wenyewe.
Akakuna kichwa kwa mwiko.
"Mama," kasema, "maji hayajui upande wa nani."

Nimerudi kwenye mkebe.
Usiguse, imeandikwa,
na mwandiko ni wangu.