Njia Isiyotokea

Nilipewa gurudumu lenye mpini na kihesabio,
fomu arubaini, penseli mbili, na fulana
ya rangi ya ndimu mbivu, KAUNTI mgongoni.
Kazi: kuhesabu mahali njia zinapokutana.
Zikikutana nne, andika nne. Zikikutana tatu, tatu.
Njia ikifika mahali ikafa, andika moja.
Kisha jumlisha, gawanya, na tutajua, alisema Bwana Mulwa,
kama Malindi inakua
au inamwagika tu.

Nilianza Shela, nyuma ya msikiti.
Huko penseli haikupumzika. Uchochoro unapinda,
unampisha mwenye mkokoteni wa maji, unagawanyika:
mmoja kwa fundi cherehani, mmoja sokoni,
mmoja chini ya dirisha la Bi Rukiya Shee
ajuaye nani kapita hata akiwa usingizini.
Tatu, nne, tatu, tatu, nne.
Nilipotea mara mbili, na mara zote mbili
nikatokea.

Watu wa kwetu huuliza, njia hii yatokea wapi?
Hawaulizi yaenda wapi.
Kwenda, hata jiwe likitupwa huenda.

Siku ya nne, Muyeye, kwenye viwanja vipya.
Shamba la mikorosho lilikatwa vipande kama halua
na kila mnunuzi akapata barabara yake
itokayo kwenye lami, ikanyooka, ikafika getini, basi.
Vigae vya chupa juu ya ukuta. Mbwa.
Moja. Moja. Moja. Moja.
Fomu ikawa vijiti vya mtoto anayejifunza kuandika.
"Unamtafuta nani?" aliniuliza askari.
Simtafuti mtu, natafuta njia.
"Njia ndiyo hiyo uliyojia."

Mama Mbeyu Karisa nilimkuta juu ya tofali,
sufuria ya uji wa pilipili manga mapajani,
imefungwa kwa leso. Bintiye kajifungua juzi.
Anakaa wapi? Akaelekeza kwa kidevu: ukuta.
Tukanyamaza, na kweli,
upande wa pili kitoto kikalia.

Nitakusindikiza, nikasema, na gurudumu langu.
Tukarudi hadi lami, tukapita kibanda cha M-Pesa,
tukapita vijana wa bodaboda waliotuonea huruma
kwa bei ambayo hatukuiweza,
tukaingia barabara nyingine, pacha wa ile ya kwanza,
pacha wasiosalimiana.
Mita elfu moja, mia sita na arubaini.
Uji umeshika utando.
Nyevu, mtoto kifuani, akacheka:
"Mama, umetoka Mambrui?"

Fomu haina safu ya uji uliopoa.
Niliitafuta.

Tulipokula, na mtoto nimekwisha kumpakata,
nikaaga. Mama Mbeyu akasema, ngoja.
Akaniongoza nyuma ya choo, akasogeza bati,
na pale ukutani tundu:
mawe matatu yametolewa, kingo zimelainika
kwa mabega ya watoto, kwa sufuria, kwa miaka
ambayo huo ukuta wenyewe hauna.

Sasa mbona asubuhi tulizunguka kote kule?
Aliniangalia kifuani, akanigeuza, akaniangalia mgongoni.
"Asubuhi," akasema, "ulikuwa umevaa kaunti."

Nilisimama na penseli.
Nikiandika mbili, wastani wa Muyeye utapanda kidogo,
Bwana Mulwa atafurahi, ramani itapata kistari,
na Jumatatu atakuja mtu na ndoo ya saruji.

Nikaandika moja.
Nikavua fulana, nikaikunja ndani nje.
Nikapitisha gurudumu kwanza, kisha kichwa,
kisha bega moja baada ya jingine.
Kihesabio kilikuwa kimesogea mita kumi na tisa.
Nikalishika gurudumu kwa mkono
na kukirudisha nyuma, moja moja,
mpaka pale kilipokuwa.