Viua Tisini na Kimoja

Daktari anauliza kwa Kiarabu: lini?
Lini alianza kumeza hiki, na hiki, na hiki?
Vidonge vitatu juu ya kipande cha shashi,
viwili vyeupe, kimoja cha waridi.

Shangazi Zeyana amekaa Ibra miaka arubaini na tisa,
lakini homa imemnyang'anya Kiarabu chote.
Kimebaki Kiswahili cha Wete, cha utotoni,
nacho kinatoka kwa tabu katika midomo iliyoganda damu:
"Maji. Mwanangu, maji."
Na maji hayapiti.

Mimi ndiye mkalimani.
Daktari akataja neno la kitabuni, sikuwa nalo.
Nikasema: Shangazi, pale ambapo mwili haukuvikwa ngozi,
ndani ya shavu, ndani ya kope, na kule kwa siri,
pameungua.
Akanitazama kwa jicho lisilofunguka sawasawa.
"Moto upi?"

Mgongoni ngozi ilifuata shuka
kama utando wa maziwa ufuatavyo kijiko.
Nesi Binsi hakuivuta tena.
Alichukua mkasi, akaikata shuka pembeni,
pole pole,
akiomba radhi kwa Kimalayalam.

Lini?
Shangazi hajui tarehe. Anajua swala, anajua Ijumaa,
anajua bei ya uzi.

Basi usiku ule nikarudi Ibra,
saa mbili nyuma ya malori ya kokoto,
nikafungua kopo la biskuti lisilowahi kuwa na biskuti.
Kofia ilikuwa ndani, sindano bado imechomekwa,
kiua kimoja kimezungushwa nusu.

Nilikumbuka: siku aliyokwenda kuchukua dawa ya uso
(yale maumivu yaliyompiga shavuni kama waya wa umeme,
hata upepo wa kiyoyozi ulimliza)
uzi ulimwishia. Akanunua mwingine duka la jirani,
kahawia, lakini si kahawia ile ile.
"Mteja ni mzee," alisema, "hataona."

Mimi niliona.
Nikaweka kofia chini ya taa ya jikoni,
nikahesabu kwa ncha ya kijiti cha meno
kuanzia pale rangi ilipogeuka.
Tisini na kimoja, na ile nusu.

Hushona viua saba kila alasiri. Havizidi, havipungui.
Siku kumi na tatu. Ijumaa hagusi sindano,
na Ijumaa zilikuwa mbili.
Nikampigia daktari saa nane za usiku.
Siku kumi na tano, nikamwambia.
Akanyamaza. Nikasikia kalamu.
Cha homa alikimeza homa ilipokwisha kuja.
Cha kikohozi kilikuwa na siku mbili tu.
"Ni cha waridi," akasema.

Cha waridi, kilichomtendea wema.
Siku kumi na tatu alitafuna mkate upande wa kushoto,
akacheka mdomo wazi, akaniambia niandike jina lake
nimpelekee jirani mwenye maumivu kama yake.
Sikumpelekea. Nilisahau tu.
Hata leo namshukuru Mungu kwa usahaulifu wangu,
na naona haya kushukuru.

Aliishi.
Ngozi mpya ilikuja na madoa, kama ukuta uliopakwa chokaa mara moja.
Kucha zilidondoka, zikaota nyingine.
Macho hayakurudi kama yalivyokuwa: makavu, yana mchanga.
Juzi, kwenye matanga ya jirani yule yule,
alitoa kichupa mkobani, akainua kichwa,
akajitonea machozi ya kununua,
mawili kulia, mawili kushoto,
ndipo akalia.

Duka la dawa la Ibra wamemzoea.
Hata kidonge cha kichwa hakichukui
kabla hajaweka kadi mezani na kuuliza:
"Hiki na kile, wana undugu?"

Mteja wa kofia alikuja mara mbili.
Aliambiwa haiuzwi.