Nyama Isiyoshikana

Saa kumi na moja na nusu jioni shule ikapiga simu:
basi namba tisa limekwama kwenye njia ya Hull,
theluji imeziba daraja, watoto kumi na mmoja wamo ndani,
na dereva, mke wangu LaVonne,
anawaimbisha ili wasiusikie upepo.

"Wazima wote," wakasema. "Trekta iko njiani."
Nikashukuru, nikaweka simu,
nikabaki nimesimama katikati ya jiko
kama mgeni aliyefika kabla ya wenyeji.

Miaka thelathini na minne nimekula humu.
Sijui chumvi inalala wapi.

Kwenye friji, ratili mbili za nyama ya kusaga,
nyekundu, baridi, imejikunyata ndani ya karatasi.
Nikajua atakachotaka. Kile cha mama yangu,
cha Jumamosi, cha baada ya kukamua ng'ombe:
nyama iliyovurugwa, isiyofinyangwa, isiyoshikana,
ndani ya mkate laini, na kijiko pembeni
cha kuokotea itakayoanguka.
Nilikijua kwa ulimi. Kwa mkono sikukijua.

Aliyekijua ni mmoja tu, dada yangu Arlys,
naye hatujasemezana tangu tulipouza shamba la baba.
Niseme kweli: nilipoliuza.
Husemwa, ndugu wakigombana shika jembe ukalime.
Sisi tuligombania udongo wenyewe.
Jembe tungelikita wapi?

Simu ililia mara sita.
"Nani kafa?" akasema.
"Hakuna. Nataka kujua, ile nyama ya mama
inaanza na mafuta au inaanza na maji?"

Kimya. Nikaisikia saa ya ukutani kwake,
ile ya baba, aliyoichukua yeye.

"Maji," akasema. "Mafuta inayo yenyewe.
Itie kwenye maji baridi, uivunjevunje kwa mkono
kabla moto haujaifundisha kushikamana."
"Kwa mkono?"
"Umenawa?"
Nikanawa.

Vidole vikafa ganzi. Nyama ikaachana punje punje,
maji yakageuka rangi ya waridi.
"Sasa kitunguu. Kikate mpaka usikione."
Nilikiona. Vipande vilikuwa kama vifungo vya koti.
"Lia tu," akasema, aliponisikia nikivuta kamasi,
"huko hakuna anayekuona."
Siki, kifuniko kimoja. Haradali ya njano.
Pilipili manga mpaka upige chafya.
"Na sosi ya nyanya?"
"Gaylen."
"Mama alitia."
"Mama hakutia! Wewe ndiye uliyetia, mezani,
ukiona kageuka."

Tukabishana. Ee, tulibishana vizuri!
Dakika kumi nzima juu ya nyanya,
na shamba halikutajwa hata mara moja,
wala halikuwa mbali.

Maji yakapungua, sufuria ikaanza kunong'ona,
harufu ikapanda ngazi, ikabisha kila mlango.
Mikate niliiweka juu ya mvuke, kama alivyoniagiza,
ikalegea kama shavu la mtoto aliyetoka usingizini.
Sikukata simu. Naye hakukata.
Tulikuwa tunasikiliza, kila mtu kwake,
chungu kimoja.

LaVonne aliingia sauti imemkauka,
nyusi zina barafu, viatu hakuvivua.
Akakaa. Cha kwanza alikila bila neno.
Cha pili alikila macho kayafumba,
achari ya tango ikilia kati ya meno,
nyama ikimwagika kwenye karatasi,
naye akiokota punje kwa kidole, kijiko kakisahau.

"Nani kakufundisha?"

Simu ilikuwa bado mezani, wazi,
imeegemea mtungi wa siki.
"Mwambie," simu ikasema,
"humo hamna nyanya."

Polepole, kwa kiwiko,
nikaisogeza chupa nyekundu nyuma ya mkate.