Chai Iitwayo Mate

Naitwa Nélida. Nina miaka arobaini na minne
na nahesabu mbegu kwa mshahara
katika maabara ya kilimo, Paysandú,
ambako mto ndio mpaka na Juni ndiyo baridi.

Ngano mia nne juu ya karatasi yenye unyevu.
Siku ya nane nahesabu zilizoota.
Zilizonyamaza siziiti mbovu mpaka nizipasue nione.
Nyingi huwa hai. Naandika: bado.

Moja na mbili na tatu, mkono wangu watua,
hapa haniiti mtu, mabega yanapumua,
navua hata kiatu, vidole vyangu vyajua,
nani asema si utu, furaha ya kutambua?

Halafu saa sita, king'ora cha chakula,
na vina vyote vinakwenda zake.

Mama Delmira alikuwa akinishika kidevu:
Niangalie machoni ninaposema nawe!
Nikamwangalia.
Niliona kope, mshipa mwekundu,
dirisha dogo la jikoni ndani ya mboni,
na ndani ya dirisha, kichwa changu.
Sikusikia hata neno moja.

Baadaye nilijifunza kutazama katikati ya nyusi.
Watu wakasema, afadhali, amekua.
Nilijifunza kucheka nusu pumzi baada ya wenzangu,
kuuliza hali ya mtoto, hali ya mbwa,
kisha njiani kuuma mkono wa sweta
mpaka sufu ikawa na ladha ya chumvi.

Mwaka jana, Montevideo, daktari alilitamka: usonji.
Akavua miwani. Akasema, pole.
Pole ya nini? Nani kafa?

Saa tano ndani ya basi la kurudi
nilikuwa nikibandua lebo.
Mjeuri, nikabandua. Mchoyo wa salamu. Baridi kama chura.
Ile ya mwalimu wa darasa la tatu iligoma kidogo,
gundi yake ya zamani.

Kazini sasa husema, Nélida ana usonji,
kwa sauti ya chini, kama mtu ana mafua,
kama mtu ana mwavuli.
Mwavuli nimewahi kuusahau ndani ya basi.
Huu sijawahi kushuka nikauacha kitini.
Ndio unaohesabu. Ndio uliompenda Ademar miaka sita
bila kumwambia, ukamtengenezea orodha ya ndege wa mtoni
kwa mpangilio wa urefu wa midomo.
(Alidhani ni ya ofisi.)

Na Jumapili, kwa kaka yangu Yamandú, kuna chai.
Chai yetu huitwa mate,
na jina hilo lanitosha, sihitaji maelezo zaidi:
kibuyu kimoja, mrija mmoja wa chuma, midomo tisa.
Kukataa kibuyu ni kukataa watu.
Kwa miaka mingi nilikunywa. Nilimeza huku nikihesabu midomo,
nikaenda bafuni, nikasugua ulimi kwa taulo.

Jumapili iliyopita kibuyu kilizunguka,
kikafika kwangu, na Yamandú akanivuka
kama mtu anavyovuka kidimbwi anachokijua,
bila kutazama chini, bila kukatiza hadithi ya trekta.
Mama akauliza, Na huyu?
Huyu anacho chake.
Kilikuwa mezani, kikombe cha bati, tangu asubuhi.

Sikushukuru. Nilitikisa kiti.
Kiti kikalia kwa, kwa, kwa,
na hakuna aliyekinyamazisha.

Mama alinyoosha mkono kuelekea kidevu changu.
Nikajikaza.
Mkono ukasita, ukaokota kapi la ngano kwenye ukosi,
ukalitupa.
Akageukia ukuta, na akiutazama ukuta
aliuliza wiki hii nimehesabu ngapi.

Nilisikia kila neno.
Elfu kumi na mbili na mia nane, nikasema,
kisha nikaeleza kuhusu zile ambazo bado,
kwa dakika kumi na moja.