Isipokuwa Mbuzi

Nilizipanga ishirini na nne
katika albamu ya harusi iliyododa dukani,
yenye waridi la plastiki kwenye jalada,
nikaifunga kwa khanga kwa sababu ya vumbi la Agosti,
vumbi la Dodoma linaloingia hata kwenye sala.

Kabla ya hapo nilishazipeleka kila penye sifa.
Shangazi Marita alisema nzuri kabla sijafungua.
Jirani wa Nkuhungu alisema kali, kaka, kali,
kidole chake kikiendelea na simu.
Mchungaji aliziombea.
Nikalala nimeshiba, nikaamka na njaa.

Ndipo nikaenda Mpwapwa kwa Damari Chilongani,
aliyepiga pasipoti miaka thelathini
kando ya mahakama ya wilaya:
wenye kesi, wenye mikopo, waombaji wa ualimu,
wote kigoda kimoja, nyuma yao shuka moja la buluu.
Niambie ukweli, nilimwambia.
Akauliza, wa kubeba au wa kuacha hapa?
Wa kubeba, nikasema. Sikujua uzito.

Wengine huvaa miwani ili waone. Yeye aliivua.
Wavunaji wa zabibu Hombolo, wameinama.
Mpunga wa Bahi, migongo saba na jua moja.
Muuza karanga, kutoka ng'ambo ya barabara.
Watoto wa Chamwino na madumu yao,
wakienda, wakienda, wadogo kama njugu.
Hiyo niliipenda. Nikaanza kumweleza mwanga.

Akainua kiganja.
Mwanga ni wa Mungu. Wewe ulileta nini?

Redio ya jirani ilikuwa inataja bei ya alizeti.

Akarudi mwanzo, akahesabu kwa ukucha:
hakuna, hakuna, huyu kaficha uso, hakuna.
Ishirini na nne, na hakuna anayekutazama.
Isipokuwa mbuzi.

Kweli. Mnada wa Msalato, mbuzi mweupe mwenye doa,
kamba shingoni, macho ya manjano
yamenikazia kama karani anayedai ushuru.

Huyu mlikutana, alisema.
Wengine umewavizia.

Nilijitetea. Nilitaja uhalisia.
Nilisema mtu akijua anapigwa picha huganda.
Huganda kwa sababu wewe umeganda, akajibu,
kisha akanimiminia chai ambayo sikuiomba.
Pwani wana mgema wao, akisifiwa hutia tembo maji.
Sisi huku tuna zabibu.
Ukiisifia mbichi, watakaolia ni meno.

Hadi Mbande nilikuwa bado namjibu moyoni,
majibu mazuri kabisa.
Tulipofika Ihumwa yakaniishia.

Jumamosi nikaenda Msalato,
kamera ndani ya begi, zipu imefungwa.
Mwanamke alikuwa anachoma mbavu, moshi ukimwinamia,
na kwenye mkono wake kovu lenye umbo la
(nisimalizie, kovu si langu).
Ingekuwa picha. Mungu wangu, ingekuwa picha.
Nikasogea mpaka nikasikia mafuta yakidondokea mkaa.
Nikataja jina langu. Nikauliza lake.
Sechelela.
Nikaomba.

Akanitazama, jicho kwa jicho, bila haraka,
kama ambavyo hakuna mtu katika albamu yangu aliyenitazama.
Akageuza nyama.
Leo hapana, akasema.

Nililipa, nikala nimesimama, chumvi ilikuwa nyingi.
Usiku nikawachomoa watoto wa Chamwino.
Mfuko wao uko wazi mpaka sasa,
ukurasa wa kumi na moja,
mkabala na mbuzi.